Mtoto wangu si askari: kwa nini anahukumiwa na askari?



Leo tutazungumza juu ya mahakama ya kijeshi na katiba ya nchi yetu. Najua kuna anayesema: hayo ni mambo ya Kinshasa, ya madepite na maavoka; sisi tunatafuta unga na mahali pa kulala. Ndugu, ngoja kidogo, nisikilize.

Mama mmoja alikuja kuniona. Sitataja jina lake wala kambi yake. Kijana wake wa miaka 19 alikwenda kutafuta kuni. Njiani akakuta bariyeri. Karte yake iliungua pamoja na nyumba siku ile walipokimbia. Wakamwambia: wewe ni mwasi. Wiki tatu mama hakujua mtoto aliko. Alipomwona, alikuwa gerezani na faili lake liko kwa auditeur, yaani prokireri wa jeshi. Mama akaniuliza: «Mtoto wangu hajavaa hata siku moja nguo ya askari. Kwa nini anahukumiwa na askari?»

Nilisoma sheria miaka mingi, lakini siku ile nilimjibu vibaya. Nilimwambia: «Mama, subiri, mambo yatajulikana.» Nilikosea. Asiye na mtetezi hatakiwi kuambiwa asubiri. Kwa hiyo leo nataka kujibu swali lake vizuri, mbele yenu nyote.

Katiba yetu ya tarehe 18 mwezi wa pili 2006, kifungu cha 156, inasema kwamba mahakama za kijeshi zinahukumu makosa ya watu wa jeshi na wa polisi ya taifa. Basi raia ana hakimu wake, na askari ana hakimu wake. Waliotunga katiba hawakuandika hivyo bure. Mnakumbuka ile Cour d'ordre militaire iliyoundwa mwezi wa nane 1997. Ilihukumu askari, lakini ilihukumu pia raia, waandishi wa habari na watu wa siasa. Hukumu yake haikuwa na rufaa. Ukihukumiwa asubuhi, jioni hakuna mlango wa kugonga.

Shida ni kwamba sheria mbili za jeshi tunazotumia ziliandikwa tarehe 18 mwezi wa kumi na moja 2002, kabla ya katiba hiyo. Sheria hizo ziliifuta mahakama ile ya 1997, na hiyo ni kazi njema. Lakini ziliacha njia za kumpeleka raia mbele ya mahakimu wa kijeshi, kwa mfano anayeshitakiwa kufanya kosa kwa silaha ya vita. Katiba inafunga mlango, sheria ya zamani inauacha wazi kidogo, na mtoto wa mama yule akapita katika ufa huo.

Kuna tena njia ya pili. Kifungu hicho hicho cha 156 kinasema kwamba wakati wa vita, au wakati état de siège imetangazwa, Rais, baada ya shauri katika baraza la mawaziri, anaweza kusimamisha kwa muda kazi ya mahakama za kawaida katika kesi za makosa na kuipa mahakama za kijeshi. Ndivyo ilivyokuwa Ituri na Kivu ya Kaskazini. Tarehe 3 mwezi wa tano 2021 amri ilitolewa, na kuanzia tarehe 6 askari na polisi wakashika nafasi za magavana na wasimamizi wa maeneo.

Hapo ndipo kazi ya Bunge ilipoanza. Kifungu cha 144 kinasema hali ile inadumu siku 30. Baada ya hapo ni Bunge la Taifa na Seneti zinazoweza kuiongeza, siku 15 kila mara. Ikaongezwa mara nyingi mno. Wadepite wengi waliochaguliwa katika mikoa hiyo miwili walilalamika. Walisema watu wanaendelea kuuawa, mahakama za kijeshi ni chache, mahakimu ni wachache, na watu wanajaa gerezani bila kusikilizwa. Wengine walijibu kwamba adui yuko mlangoni na jeshi lisifungwe mikono. Mwezi wa nane 2023 mkutano ukafanyika Kinshasa juu ya jambo hilo, na mwezi wa kumi Rais akatangaza kwamba masharti yatalegezwa hatua kwa hatua.

Mimi sikuja hapa kuwaambia nani alishinda katika mabishano yale. Nimekuja kuwaambia kile ambacho hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa na ruhusa ya kukiondoa. Tazameni mwisho wa kifungu cha 156: haki ya kukata rufaa haiwezi kusimamishwa. Tazameni kifungu cha 61: hata katika état de siège, hakuna anayeweza kukunyang'anya haki ya kuishi, haki ya kutoteswa, haki ya kujitetea na kukata rufaa, wala imani yako. Na hakuna kufungwa kwa sababu ya deni.

Haya si maneno ya karatasi tu. Mnakumbuka Minova, mwezi wa kumi na moja 2012, namna wanawake walivyotendewa. Askari 39 walipelekwa mbele ya mahakama ya kijeshi ya operesheni. Tarehe 5 mwezi wa tano 2014 hukumu ikatoka: wawili tu walihukumiwa kwa kubaka. Na kwa sheria ya 2002, hukumu ya mahakama ya namna hiyo haina rufaa. Kwa hiyo wamama waliotoka kijijini, wakafunika nyuso zao na kusema yote mbele ya watu, hawakuwa na pa kwenda tena. Mnaona? Rufaa haimlindi mshitakiwa peke yake. Inamlinda pia aliyeumizwa.

Nayo inamlinda askari. Mwezi wa tatu 2024 serikali iliamua kwamba hukumu ya kifo inaweza tena kutekelezwa, baada ya miaka zaidi ya 20. Mwezi wa saba mwaka ule, katika eneo la Lubero, askari 25 walihukumiwa kufa kwa kumkimbia adui, katika kesi ya siku moja. Yule askari naye ana mama yake. Kwa mtu kama huyo, kati ya uzima na kifo imebaki karatasi moja ya rufaa.

Lakini tuseme ukweli wote. Mahakama za kijeshi zimefanya pia kazi ambayo wengi hawakuitazamia. Mwezi wa pili 2011, huko Baraka, mahakama ilikuja mpaka kwa wananchi, ikasikiliza wanawake wa Fizi waliobakwa tarehe 1 mwezi wa kwanza. Luteni-kanali Kibibi Mutware akahukumiwa miaka 20. Watu waliona kwa macho yao kwamba cheo si ukuta. Ndiyo maana sisemi mahakama ya askari ni mbaya. Nasema kila mahakama iwe na mipaka, itetewe na sheria, nayo iangaliwe na mahakama nyingine juu yake.

Sasa, wewe unayenisikiliza, ukisikia mtu wako amekamatwa, ufanye nini?

Usikae kimya. Uliza siku ile ile: amekamatwa na nani, yuko kasho gani, anashitakiwa nini. Kifungu cha 18 kinasema anayekamatwa aelezwe sababu katika lugha anayoielewa, na aweze kuwasiliana na jamaa yake au avoka. Kasho haipiti saa 48. Baadaye aachiliwe au apelekwe mbele ya sheria. Andika tarehe na saa. Asiyejua kuandika amwombe mwalimu au pasta.

Usikubali baba afungwe mahali pa mwana, wala mke mahali pa mume. Kifungu cha 17 kinasema kila mtu anajibu kosa lake mwenyewe.

Usitoe pesa kwa mtu wa njiani anayesema anamjua mkubwa. Nenda kwenye barreau. Kuna ofisi ya ushauri wa bure kwa wasio na uwezo. Na hukumu ikitoka, ongea na avoka siku ile ile, maana siku za kukata rufaa ni chache.

Ninyi wakubwa wa mitaa na wa kambi, neno lenu lina uzito. Mkimjua kijana, semeni mnamjua, na wekeni sahihi. Msimtaje mtu kuwa mwasi kwa sababu ya ugomvi wa shamba au kwa sababu ya kabila lake.

Na tangu Goma mwezi wa kwanza 2025 na Bukavu mwezi wa pili, wengi wenu mmehama tena. Popote mlipo, jueni hili: Mikataba ya Geneva ya 1949 inawafunga wote wanaopigana, jeshi la serikali na makundi yote yenye silaha. Hakuna anayeruhusiwa kuhukumu mtu bila mahakama ya haki.

Mtanisamehe, sijawaambia mwisho wa yule mama. Avoka alipofungua faili la kijana, alikuta karatasi moja tu, bila shahidi. Baada ya miezi mitano kijana akaachiliwa. Lakini katika miezi ile mdogo wake alikuwa amesema: «Nitaingia msituni, nilipize.» Mama alimshika mkono na kumsihi, «Ngoja tuone sheria.» Alingoja. Kama sheria isingekuja, leo tungekuwa na bunduki moja zaidi msituni, na kambi moja zaidi ya watu waliokimbia.

Ndiyo maana mambo haya ya Bunge ni mambo yetu. Yazungumzeni kambini, kanisani, msikitini na sokoni. Mwulizeni depite wenu siku atakapokuja kuwasalimu: sheria ile ya 2002 mtaipatanisha na katiba lini?

 Mkae na amani.