Kitabu Huandikwa Baada ya Kazi

(Hotuba mbele ya wahitimu wa kisomo cha watu wazima)



Tumeombwa tuseme juu ya waandishi wa vitabu. Wanaishije? Wengi wetu tukishika kitabu tunadhani aliyekiandika ni mtu wa ajabu, asiyelipa kodi ya nyumba wala kwenda sokoni. Fikra hiyo si kweli. Tena inatudhuru, maana inatufanya tuseme, "Kuandika si kazi ya mtu kama mimi."

Basi leo tutazungumza juu ya mtu mmoja tu. Huyo ni Naguib Mahfouz wa mji wa Cairo, nchi ya Misri.

Mahfouz alizaliwa mwaka 1911 katika mtaa wa zamani wa Gamaliya, mtaa wa vichochoro vyembamba karibu na msikiti wa Husein. Alikuwa kitinda mimba. Mama yake hakujua kusoma wala kuandika. Lakini mama huyo alipenda mambo ya kale. Alimshika mtoto mkono, akampeleka kuona jumba la makumbusho na piramidi. Mnaona, jamani? Mwalimu wa kwanza wa mwandishi huyu alikuwa mama asiyejua hata herufi moja.

Mwaka 1934 Mahfouz alimaliza Chuo Kikuu, akawa karani wa serikali. Mwaka 1939 akaingia Wizara ya Wakfu. Wakfu mnaujua: ni mali, kama shamba au nyumba, iliyotolewa kwa ajili ya Mungu ili mapato yake yasaidie msikiti au maskini. Kazi yake ilikuwa ya barua na mafaili. Alibaki katika kazi za serikali, idara hii na ile, mpaka akastaafu mwaka 1971. Kwa nini hakuacha? Kwa sababu kwa miaka mingi vitabu havikuweza kumlisha. Mshahara ulinunua mkate, na kalamu ikangoja jioni.

Sasa tuitazame siku yake. Asubuhi alikwenda ofisini. Mchana alirudi, akala, akapumzika. Saa 10 jioni alikaa mezani kuandika. Saa 1 usiku aliweka kalamu chini. Kisha alisoma vitabu vya wenzake mpaka saa 4 usiku. Hivyo ndivyo alivyofanya siku kwa siku, isipokuwa Ijumaa. Siku hiyo alikaa na rafiki zake mkahawani, wakinywa kahawa na kubishana. Alipenda pia kutembea kwa miguu, na kwa saa zilezile. Watu walitania kwamba ukimwona anapita unaweza kurekebisha saa yako.

Tena alikuwa na maradhi ya macho yaliyomsumbua kila mwaka majira ya joto. Kwa hiyo aliandika miezi ya baridi. Mkulima anaelewa jambo hili: kuna msimu wa jembe, na kuna msimu wa kungoja.

Kwa saa tatu tatu hizo, Mahfouz aliandika hadithi ndefu ya familia moja ya Cairo. Alimaliza mwaka 1952. Mswada wake, yaani maandishi ya mkono kabla hayajapigwa chapa, ulipita kurasa elfu moja. Akaubeba kwa mchapishaji. Mchapishaji ni yule anayetoa fedha ili kitabu kipigwe chapa. Mchapishaji aliutazama mzigo ule akakataa. Hakusema hadithi ni mbaya. Alisema ni kubwa mno. Tumwelewe naye: karatasi hulipiwa, wino hulipiwa, na mafundi wa mashine hulipwa, yote hayo kabla ya kuuzwa hata nakala moja. Kitabu kikilala dukani, hasara ni yake.

Fikirini uchungu wa karani yule. Miaka ya jioni zake imefungwa kwenye furushi, na hakuna anayelitaka. Angeweza kulitupa. Hakulitupa. Alirudi nyumbani, na kesho yake akaenda ofisini kama kawaida.

Baadaye lilitoka gazeti moja la fasihi ambalo mhariri wake alikubali kuitoa hadithi ile kidogo kidogo, sehemu baada ya sehemu, kuanzia mwaka 1954. Wasomaji wakaipenda. Mchapishaji naye akapata wazo: mzigo ukiwa mzito, ugawe. Akaukata mswada kuwa vitabu vitatu. Cha kwanza kilitoka mwaka 1956, na viwili mwaka 1957. Vitabu hivyo vina majina ya mitaa ya Cairo ya kale.

Ndani yake mna nini? Mna baba mwenye duka, mkali nyumbani, lakini usiku hupenda starehe na rafiki zake. Mna mkewe, Amina, asiyeruhusiwa kutoka nje. Siku moja mume akiwa safarini, Amina anakwenda kuuzuru msikiti wa Husein. Njiani anagongwa na gari, anavunjika mfupa wa bega. Mume akirudi anangoja apone, halafu anamfukuza. Akina mama, je, hadithi hiyo ni ya Misri tu? Mahfouz hakwenda mbali kutafuta habari. Aliandika ya jirani zake, na dunia nzima ikajitambua humo.

Mwaka 1988 alipewa Tuzo ya Nobeli ya Fasihi. Alikuwa amelala usingizi wa mchana. Mkewe akamwamsha kumpa habari, naye hakuamini. Hakwenda Sweden kuipokea. Aliwatuma binti zake wawili.

Lakini kalamu ina hatari zake. Hadithi yake nyingine, iliyotolewa katika gazeti mwaka 1959, iliwakasirisha watu waliosema imeikosea dini. Mwaka 1994 kijana mmoja alimchoma kisu shingoni nje ya nyumba yake. Kijana huyo alikiri kwamba hakuwahi kukisoma kitabu chenyewe. Ndugu, shikeni neno hili: mtu asiyesoma mwenyewe husomewa na wengine, nao humsomea wanachotaka.

Mzee hakufa, ila mkono wake wa kuandikia ulidhoofika. Akiwa mzee wa zaidi ya miaka 80, mshindi wa Nobeli alianza upya. Alichukua daftari, akajizoeza kuandika jina lake, mara nyingi, kwa herufi zilizopinda, kama sisi tulivyoanza katika kisomo. Hatimaye aliweza tena kuandika kidogo kidogo. Akatunga hadithi fupi fupi za ndoto, nyingine za mistari michache tu. Alifariki mwaka 2006.

Basi tufanye nini? Tusingoje kuhamia mjini, wala kuwa na nafasi kubwa. Wazee wetu wanajua jinsi kijiji kilivyoanza, dawa za miti, na visa vya njaa na mafuriko. Wakiondoka, yote hayo huondoka nao. Sisi sasa tuna herufi. Kila mtu atafute daftari moja. Kila jioni, kazi zikiisha, aandike mistari mitano: nani alisema nini, wapi, mwaka gani. Haba na haba hujaza kibaba. Asiyeandika kitu husahau hata herufi alizojifunza, kama panga lisilotumiwa linavyoota kutu.

Na wewe unayeogopa kwamba mwandiko wako umepinda, ule wa Mahfouz nao ulipinda.