Uhuru, Sabuni na Wachumi wa Vienna

(Hotuba iliyotolewa katika sherehe za Siku ya Uhuru, Dubai)



Nilipoombwa kusema machache, nilipanga kuzungumzia presha na sukari, kama mlivyonizoea. Lakini wiki chache zilizopita mtoto wa dada yangu, anayesoma uchumi shuleni hapa Dubai, alinitupia swali mezani: "Mama mdogo, kwa nini kila mwaka tunamsifu Nyerere? Hayek alishaonyesha kwamba mambo yake hayawezekani." Baba yake akakunja uso, mimi nikaomba muda wa kufikiri. Jibu nimelileta hapa kwa sababu najua swali hilo haliko nyumbani kwetu tu.

Friedrich Hayek alizaliwa Vienna, Austria, mwaka 1899. Yeye na Ludwig von Mises ndio majina makubwa ya uchumi unaoitwa wa Austria. Hoja yao moja kubwa ni kwamba hakuna ofisi inayoweza kujua mahitaji ya watu wote. Ujuzi umetawanyika: kidogo anao mkulima, kidogo muuza duka, kidogo mama mwenye watoto watano. Bei ndiyo inayopeleka habari hizo kwa wengine. Serikali ikiifunga bei, inajiziba masikio.

Mimi hoja hiyo sikuisoma kwanza kitabuni. Niliwahi kufanya kazi mahali ambapo kila wodi ilipewa maboksi ya glovu kwa idadi sawa kila mwezi. Wodi yetu ilikuwa ya vidonda, kwa hiyo kufika katikati ya mwezi tumeishiwa. Wodi ya jirani maboksi yamepangwa hadi dirishani. Usiku wauguzi tulikuwa tukibadilishana: glovu kwa bandeji, bandeji kwa sindano. Aliyepanga mgao hakuwa mtu mbaya. Hakuwa wodini, basi.

Sasa twende nyumbani. Mwaka 1973 iliundwa Tume ya Bei ya Taifa, na bei za bidhaa nyingi zikawa zinapangwa Dar es Salaam. Halafu mafuta yakapanda bei duniani, vikaja Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, fedha za kigeni zikakauka. Si haki kumbebesha Nyerere hayo yote. Lakini bei iliyofungwa haikuweza kumwambia mtu yeyote alete sabuni. Mama yangu anasimulia kwamba ukiona foleni unaingia kwanza, ndipo unauliza kinauzwa nini. Mwaka 1983 serikali ikawasaka wahujumu uchumi, na bidhaa zikazidi kujificha. Bajeti ya 1984 ikaruhusu wenye fedha zao za kigeni walete mali kutoka nje, na maduka yakaanza kujaa. Ndugu zangu mnaofunga mizigo Deira kupeleka Kariakoo, mlango wenu ulifunguliwa hapo. Katika hili Hayek alishinda, na mwenye kubisha akamuulize mama yangu.

Lakini je, aliushinda Uhuru? Hapo ndipo nilipomkatalia kijana wangu.

Azimio la Arusha ni la Februari 1967. Mwaka huohuo Mwalimu alieleza katika maandishi yake kuhusu ujamaa vijijini kwamba watu waingie kwa hiari yao, kwa kushawishiwa na mfano, wala wasilazimishwe. Mwaka 1968 akarudia kwamba mtu haendelezwi na mwingine, anajiendeleza mwenyewe. Basi mwishoni mwa 1973 ikatoka amri: kuishi vijijini ni lazima, na kazi iwe imekwisha ifikapo 1976. Malori yakaja. Mzee aliyejua udongo wake, aliyejua lini mvua inadanganya, akashushwa kando ya barabara kwenye ardhi asiyoijua. Hayek alipata Nobel mwaka 1974, malori yakiwa yangali barabarani. Ungewaketisha pamoja Hayek na Nyerere wa 1967, juu ya malori yale wangekubaliana. Aliyewapinga wote wawili ni Nyerere wa 1973.

Mwaka huohuo wa 1973, nchi hiyohiyo iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Vikundi vya watu vilikaa kusikiliza redio, vikajadili malaria na kuhara, kisha watu wakachimba vyoo kwa mikono yao. Walioshiriki walifika kama milioni 2. Kama muuguzi, kwangu hayo ndiyo mapinduzi. Ujuzi uliachwa kwa wenyewe, ukaongezewa.

Kijana wangu akaona ameponea chupuchupu, akauliza kama basi hakuna ugomvi. Upo. Hayek hakuwa mkatili. Katika kitabu chake cha 1944 alikubali kwamba serikali inaweza kusaidia kuandaa bima ya maradhi. Lakini mwaka 1976 aliandika kitabu kizima kusema kwamba haki ya kijamii ni mazigazi, kama yale maji unayoyaona barabarani mchana ukielekea Al Ain. Hapo siwezi kumfuata. Bei inajua nani yuko tayari kulipa. Haijui nani anaumwa zaidi. Mwaka 1993 Tanzania ilianza kuwachangisha wagonjwa katika hospitali za serikali, na mtu akifika mlangoni hana kitu, bei haina la kumwambia isipokuwa rudi nyumbani. Tena soko huru halileti uhuru lenyewe: Hayek aliitembelea Chile ya Pinochet na kuitetea hadharani.

Na msidhani Dubai ni ushahidi wa Hayek. Emirates ni ya serikali. Bandari ya Jebel Ali ilijengwa kwa uamuzi wa mtawala. Mchele, mayai na mkate havipandishwi bei bila idhini ya Wizara ya Uchumi na Utalii. Bima yako ya afya, kijana, ni lazima kwa sheria.

Neno mapinduzi silisemi kirahisi. Humu ukumbini wamo ambao babu zao walipewa eka tatu Zanzibar baada ya 1964, na wamo ambao babu zao ndio walionyang'anywa mashamba hayo wakavuka bahari. Mises na Hayek wangesimama na hao wa pili bila kusita, maana kwao mali ya mtu ni ngao yake. Aliyekuwa analima shamba la mwingine hana cha kukingwa na ngao hiyo. Sina jibu linalowatosha wote wawili, na leo tumeketi meza moja.

Nilimwambia kijana ampigie simu bibi yake. Alipiga. Bibi akamweleza foleni ya sabuni kwa nusu saa nzima, kwa hasira. Kisha akamweleza jinsi alivyonibeba mgongoni usiku, nikiwa na degedege, hadi zahanati ya kijiji, na hakuna aliyemuuliza pesa.

Naambiwa pilau iko tayari.