Tusiipige Nyundo Injini ya Pampu



Leo tunazungumza juu ya injini ndogo ya petroli, ile inayovuta maji ya bustani. Ikianza kunguruma vibaya na kutikisika, mara nyingi beringi za krenki zimekwisha. Krenki ni ule mhimili unaozungushwa na pistoni. Beringi yenyewe si ghali sana. Kinachotutia hasara ni namna ya kuitoa.

Beringi ni chuma kigumu. Bloku ya injini ni alumini, nayo ni laini. Beringi imeingizwa kwa kubanwa tu, haina skrubu wala gundi. Sasa fundi mwenye haraka huchukua patasi na nyundo. Pa! Pa! Beringi inatoka, lakini tundu limekwaruzika, au bloku imepasuka. Ukitia beringi mpya haibani tena, inazunguka ovyo ndani ya tundu. Hapo ni kununua bloku nyingine, na nyanya shambani zinangoja maji.

Sisi tunatumia joto, siyo nguvu. Alumini ikipata joto hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Tundu la milimita 52 likifika joto la maji yanayochemka, huizidi beringi kutanuka kwa milimita 0.04 hivi. Ni chini ya unene wa unywele, jamani! Lakini mara nyingi inatosha.

Basi, kwanza mwaga petroli na oili, fungua injini, toa sili ya mpira. Kama kuna pete ya chuma inayozuia beringi, itoe pia. Osha bloku kwa sabuni mpaka harufu ya petroli iishe kabisa. Hili msilifanyie mzaha: mvuke wa petroli karibu na jiko huua watu.

Tia bloku tupu katika sufuria kubwa la maji, ichemke nusu saa. Kwa nini maji? Kwa sababu hayapiti nyuzi 100, bloku haiwezi kuungua. Ukiiweka juu ya mkaa, alumini haigeuki nyekundu kama chuma ili kukuonya. Inayeyuka tu.

Itoe kwa matambara mazito, igeuze, igonge juu ya ubao. Beringi itaanguka. Ikikataa, irudishe jikoni. Kisha kausha bloku upesi, paka silinda oili isishike kutu.

Kabla ya kwenda mjini, soma namba ubavuni mwa beringi. 6205 maana yake tundu la ndani ni milimita 25, upana wa nje 52, unene 15. Ikiwa na C3 baada ya namba, nunua yenye C3. Mwenye duka akikupa 6204, mrudishie hapo hapo.

Beringi mpya ilale kwenye friji, imefungwa katika nailoni. Bloku ichemshwe tena, ikaushwe. Itumbukize beringi sawasawa, na kama inahitaji kusukumwa, sukuma pete ya nje tu. Ukisukuma pete ya ndani, gololi zinaumia. Ishikilie dakika moja mpaka ibane. Sili mpya ingoje bloku ipoe.