Uhalisia Pepe na Mahame ya Serengeti

Istilahi "uhalisia pepe" imefuata nyayo za "barua pepe", ambamo neno hilo hudokeza umeme na wepesi. Mkulima wa mpunga, hata hivyo, huita pepe punje isiyo na kiini, na maana hiyo kongwe haifai kusahauliwa.

Katika kitabu chake Imagining Serengeti (2007), Jan Bender Shetler alionyesha kuwa masimulizi ya wazee wa Ikoma, Nata na Ishenyi hujengwa juu ya mahali. Msimulizi humpitisha msikilizaji kilimani, mtoni na kwenye mahame, naye akaona. Hiyo nayo ni sanaa ya kumzamisha mtu katika mandhari, tena bila miwani. Baadhi ya mahame hayo yamo ndani ya hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1951, ambamo wenyewe hawaruhusiwi kuishi. Filamu ya Bernhard Grzimek ya mwaka 1959 ilieneza duniani Serengeti ya wanyama. Picha za watalii zimeifuata.

Jijini Nairobi, Ng'endo Mukii alitengeneza Nairobi Berries mwaka 2017, akawaingiza watazamaji katika jiji kama wakazi wanavyoliota. Msanii wa Mugumu akishika kamera kama hiyo, atakutana na tatizo la lugha kabla ya lile la mashine. (Mpiga litungu wa Tarime ana nafuu: nyuzi zake nane husikika zilivyo.) Kilima kitatajwa kwa Kiikoma, kwa Kiswahili, au kwa jina la ramani ya watalii? Kamera hunasa jiwe na mti. Palipokuwa na ua wa nyumba hapaonekani mpaka mzee apataje, na wazee wanaoyajua majina hayo wanapungua.