Majivu Husomwa kwa Elimu, Si kwa Hasira



Kuchoma nyumba yenye watu ndani ni kosa linaloichukiza kila jamii, na hasira ya umma juu ya kosa hilo ni ya haki. Hata hivyo, hasira si ushahidi. Mahali palipoteketea ndipo panapohitaji zaidi utulivu wa akili, kwa kuwa moto huteketeza mengi ya yale ambayo yangeeleza chanzo chake.

Tarehe 23 Desemba, 1991, nyumba iliungua katika mji wa Corsicana, jimbo la Texas, Marekani. Watoto watatu wa kike walikufa. Baba yao, Cameron Todd Willingham, aliokoka. Wapelelezi walikuta sakafu ina mabaka kama madimbwi, na vioo vya madirisha vimejaa nyufa kama utando wa buibui. Wakakata shauri kwamba mafuta yalimwagwa kwa makusudi. Mwaka 1992 baba huyo alihukumiwa kifo, na tarehe 17 Februari, 2004, akauawa kwa sindano ya sumu, hali akikana kosa.

Dalili hizo zilitoka wapi? Hazikutoka maabara. Zilikuwa mapokeo ya kazi: mkongwe alimwambia kijana, kijana akawa mkongwe, naye akamwambia mwingine. Hapakuwa na aliyezipima.

Zilipopimwa, zilianguka. Moto unapowaka chumbani, hewa ya moto hujikusanya darini na kumimina joto chini. Joto hilo likifikia kiasi cha nyuzi 600 za Selsiasi, karibu kila kitu chumbani hushika moto kwa pamoja, sakafu ikiwamo. Kuanzia hapo mabaka ya sakafuni hayathibitishi tena kwamba petroli ilimwagwa. Nyufa za vioo nazo huletwa na maji ya zimamoto yanapokipoza ghafla kioo chenye joto.

Huko Jacksonville, Florida, wataalamu wa upande wa mashtaka wenyewe waliwahi kuichoma kwa majaribio nyumba iliyofanana na ile ya mshtakiwa, bila kumwaga mafuta. Chumba kizima kiliwaka katika muda usiofika dakika 5, na alama zilizobaki zikafanana na zile zilizodhaniwa kuwa za petroli. Mashtaka yakafutwa.

Mwanakemia Gerald Hurst aliyaeleza mambo hayo katika taarifa iliyopelekwa kwa wakuu wa Texas siku chache kabla ya Willingham kuuawa. Haikuzuia kitu. Mwaka huo huo wa 2004, Ernest Willis, aliyehukumiwa kifo katika jimbo hilo hilo kwa ushahidi wa namna ile ile, aliachiliwa huru. Mwaka 2009 Craig Beyler, mtaalamu aliyeajiriwa na tume ya jimbo, alieleza kwamba uamuzi wa Corsicana haukuwa na msingi wa kisayansi. Ndivyo ushahidi wa aina moja ulivyompeleka mmoja kaburini, na mwenzake akarudi nyumbani.

Uchunguzi ulio sahihi una taratibu zake. Mahali pa tukio hulindwa, na picha hupigwa kabla ya kitu kuondolewa. Vipande vinavyoshukiwa hutiwa katika makopo safi yasiyopitisha hewa, pamoja na vipande vya kulinganishia, ndipo vipelekwe maabara. Umeme, gesi na jiko huchunguzwa kwa uzito ule ule unaopewa kiberiti. Pale Corsicana, kipande kimoja tu, cha barazani, ndicho kilichoonyesha dalili ya mafuta, na hapo barazani palikuwa na jiko la mkaa pamoja na mafuta ya kuliwashia. Zaidi ya yote, mpelelezi hana budi kukiri kuwa chanzo hakijulikani pale kisipojulikana.

Isidhaniwe kwamba maneno haya yanawatetea wachoma nyumba. Mwenye hatia hukamatwa kwa uhakika zaidi pale ushahidi unapokuwa wa kweli. Ukiwa wa kubahatisha, yeye hucheka akiwa nje huku asiye na kosa akiteseka.

Mtumishi wa umma anayepokea taarifa ya mtaalamu ana wajibu wa kuuliza: jambo hili limejulikanaje, na limepimwa wapi? Mwalimu naye ana wajibu wa kuwazoeza wanafunzi swali hilo tangu darasani. Cheo na miaka mingi kazini ni vitu vya kuheshimiwa, lakini havichukui nafasi ya ushahidi. Hukumu iliyokwisha kutekelezwa haina rufani.