Principal na Principle

Leo nataka tuyapambanue majina mawili ya Kiingereza, principal na principle. Sikio halitawasaidia, kwa kuwa Waingereza huyatamka yote mawili kwa sauti moja, hata wao wenyewe hukosea wayaandikapo. Basi shikeni kalamu: la kwanza lamalizika kwa herufi p, a, l, la pili kwa p, l, e.

Yote mawili yametoka katika Kilatini, kwa shina moja lenye maana ya "kwanza". Principal ni aliye wa kwanza kwa cheo, ndiyo sababu mkuu wa chuo huitwa hivyo. Principle ni kanuni, neno la msingi ambalo mengine hujengwa juu yake. Mwanafunzi aandikaye "Dear Principle" ameisalimu kanuni, akamwacha mkuu wake mlangoni. Huyo atachekwa tu.

Lakini pako mahali pasipo kicheko. Katika hati ya mkopo, principal ni fedha zenyewe zilizokopwa, mbali na riba. Mtu akikopa shilingi 200 kwa riba ya 5 kwa mia kila mwaka, naye akawa analipa shilingi 10 tu kila mwaka, baada ya miaka 10 atakuwa ametoa shilingi 100. Na principal ingali shilingi 200 vile vile, haikupungua hata senti moja. Asiyelijua neno hili hudhani amekwisha lipa nusu ya deni. Kabla ya kutia sahihi, uliza malipo yako yatapunguza nini.

Tena yako maneno "in principle". Barua ikisema kwamba ombi lako la kiwanja limekubaliwa "in principle", maana yake wakubwa hawana kipingamizi katika asili ya jambo; mipaka, bei na masharti bado. Hiyo si ruhusa ya kununua mabati. Nionavyo mimi, maneno haya yana hatari kuliko riba, maana yamejaa adabu, na adabu humlaza mtu usingizi. Ingoja barua ya pili.

Ukisahau namna ya kuandika, kumbuka kwamba principle humalizika kwa l na e kama rule, nalo rule ni kanuni. Principal ina herufi a, kama asili ya deni.