Mama Aliyeondolewa Titi Avae Nini?

  Mimi ni muuguzi wa afya ya jamii, na kazi yangu ni kuzunguka vijijini huku kwetu Tana Delta, Golbanti, Ngao, Garsen na kwingineko. Leo tutazungumza juu ya jambo ambalo wengi huniuliza kwa kunong'ona, mlango ukiwa umefungwa. Mama aliyeondolewa titi kwa sababu ya saratani avae nini kifuani, na avae vipi asiumie? Ikiwa kuna baba anayesikiliza, tafadhali asiondoke. Yeye pia yamhusu.

Naanza na kosa langu mwenyewe. Miaka michache iliyopita nilikuwa nikimtembelea mama mmoja aliyefanyiwa upasuaji Mombasa. Kila nilipofika nilitazama kidonda, nikauliza habari za dawa, nikamwonyesha mazoezi ya mkono, nikaandika kitabuni na kuondoka. Sikumwuliza hata siku moja anavaa nini. Kumbe alikuwa akikunja soksi mbili na kuziweka ndani ya sidiria yake ya zamani. Siku moja alipokuwa ameinama akipandikiza mpunga, soksi zikaanguka topeni mbele ya watu. Vijana wakacheka. Tangu siku hiyo hakwenda shambani, hakwenda kanisani, na siku yake ya kurudi kliniki ilipofika hakupanda gari. Mimi nilikuja kuambiwa baada ya miezi miwili, tena na binti yake.

Mnaona basi, akina mama, si mambo ya urembo tu. Mgonjwa wa saratani anayekosa kliniki anahatarisha maisha yake. Saratani ya matiti ndiyo saratani inayowapata wanawake wengi zaidi hapa Kenya, na wengi hufika hospitali wakiwa wamechelewa. Wako wanaochelewa kwa kukosa nauli. Wako pia wanaochelewa kwa sababu wanaogopa watakavyoonekana baada ya kukatwa.

Sasa tuje kwenye mavazi yenyewe. Watu wengi hukimbilia kutafuta titi la bandia. Mimi nasema anza na sidiria. Titi zuri ndani ya sidiria mbovu litahama, litapanda juu, au litageuka upande. Sidiria inayokukaa vizuri ni zaidi ya nusu ya kazi.

Tafuta sidiria ya pamba, maana joto letu mnalijua. Iwe na mikanda mipana begani, iwe imefunika kifua chote hadi karibu na kwapa, na isiwe na waya chini. Waya hukwaruza kovu, na ngozi ya hapo mara nyingi imekufa ganzi, hivyo unaweza kuchubuka usijue. Kama unayo nzuri yenye waya, usiitupe. Fundi atatoboa tundu dogo pembeni, auvute waya nje, kisha ashone. Ukinunua mitumba pale Garsen au Malindi, vuta ukanda wa chini uuachilie. Ukirudi upesi, lastiki ingali hai. Ukibaki umelegea, iache hata kama ni ya bei rahisi. Na uifue kabla ya kuivaa.

Kujipima ni rahisi. Chukua tepu ya fundi, zungusha chini ya titi, mahali ukanda unapokaa. Hicho ni kipimo cha kwanza. Kipimo cha pili huwasumbua watu kwa sababu titi liko upande mmoja tu. Mwambie binti yako au dada yako aweke tepu katikati ya uti wa mgongo, apite juu ya titi lililobaki, hadi katikati ya kifua. Kisha zidisha mara mbili. Usitumie namba uliyovaa kabla ya kuugua, kwa kuwa dawa za saratani huwanenepesha wengine na kuwakondesha wengine.

Ukiivaa, vidole viwili vipite chini ya ukanda bila taabu. Halafu usisimame tu mbele ya kioo kama unayepigwa picha. Inua mikono kama unayeanika nguo. Inama kama unayefagia. Chuchumaa kama uliye jikoni. Sidiria ikipanda au ikifunguka mbele, hiyo si yako.

Jambo moja la mkanda wa begani. Mara nyingi daktari huondoa pia tezi za kwapani, na hapo mkono wa upande huo unaweza kuvimba, hata baada ya miaka. Mkanda mwembamba unaochimba bega huongeza taabu. Kunja kitambaa laini ukishone chini yake. Ukiona mkono umekuwa mzito, pete inabana au ngozi imekaza, usingoje. Nenda ukaonwe.

Haya, titi lenyewe. Yale ya silikoni ni mazuri. Yana uzito unaokaribia wa titi la kweli na yanatulia mahali pake. Lakini bei! Mwaka 2024 yalitajwa kuuzwa hapa Kenya kwa takriban shilingi 22,000. Nani kwetu ana pesa hizo, hasa baada ya kuuza mbuzi kwa ajili ya matibabu? Ukibahatika kupata la silikoni, lioshe kwa sabuni laini kila siku unapolivua, likaushe, ulirudishe katika kisanduku chake lisipoteze umbo. Usiliache juani wala karibu na jiko. Na nyinyi mnaofunga ushungi kwa pini, jihadharini. Tundu moja dogo la pini linatosha kuliharibu.

Kuna njia nyingine ambayo mimi naipenda zaidi kwa mazingira yetu, nayo ni titi la kufuma kwa uzi. Kule Marekani mama mmoja aitwaye Barbara Demorest, aliyeondolewa titi yeye mwenyewe, alianzisha mwaka 2011 mpango wa wanawake wanaofuma matiti ya uzi na kuwapa wenzao bila malipo. Hapa nchini, mjini Thika, fundi wa nguo Mary Mwangi, ambaye pia amepitia saratani ya matiti, amekuwa akifuma na kuwafundisha wanawake wengine waliougua. La kufumwa lilitajwa mwaka huo wa 2024 kuwa kama shilingi 1,500. Nasi wenyewe tunaweza kufuma. Wanawake wangapi hapa wanafuma vitambaa vya makochi kwa kroshia? Mkono ni uleule.

Chagua uzi laini wa pamba usiowasha. Fuma duara lenye tumbo mbele na bapa nyuma, lenye ncha kidogo upande wa kwapa, kwa sababu titi la mtu si mpira. Ndani jaza nyuzi nyepesi za mto. Bibi zetu watasema tumieni usufi, na kweli usufi ni laini na wa bure, lakini ukilowa jasho hujikunja madonge, na madonge hayo ndiyo yanayochoma kovu. Usijaze sana. Ulibonyeze kwa kidole, lirudi polepole.

Kama titi lililobaki ni kubwa, lile jepesi litapanda juu na bega moja litaonekana limeinuka. Hapo shona kimfuko kidogo, weka punje za mtama safi, kikae chini kabisa ndani ya titi na kuzungukwa na zile nyuzi, kisiguse kovu. Kitoe kabla ya kufua, na ubadilishe mtama mara kwa mara, la sivyo utaota ukungu. Kwa hiyo acha mahali pa kufungulia.

Ndani ya sidiria shona mfuko kwa kitambaa cha fulana iliyochakaa, uache wazi upande wa kwapa pa kuingizia. Mfuko huu ndio ungemwokoa yule mama wa soksi. Kazi yake ni ya dakika ishirini kwa sindano ya mkono. Tengeneza matiti mawili, moja livaliwe na moja lifuliwe. Fua kwa sabuni laini, lifinye bila kulisokota, ulianike kivulini hadi likauke kabisa ndani.

Lini uanze? Kidonda kikishafunga na daktari akikubali, unaweza kuvaa lile jepesi la uzi. La silikoni kwa kawaida husubiri wiki sita hadi nane. Ukiwa unachomwa mionzi, ngozi huwa kama iliyoungua, basi ngoja ipone, uvae leso laini au dira pana. Na kila unapovua, tazama kovu na titi la pili. Wekundu, joto, usaha, maji yanayojaa chini ya ngozi, au kijivimbe kipya kwenye kovu, usivifunike. Nenda hospitali ya Ngao au kituo kilicho karibu nawe.

Kwa mama mwenye mtoto mchanga nina neno. Unapombeba mgongoni, fundo la leso lisikae juu ya kovu. Lipitishe bega la upande mzima, au kwa muda huu mwachie bibi au dada ambebe. Mtoto akishika na kuvuta, msimpige. Ni mtoto.

Nanyi mnaouguza, msimwulize mgonjwa mambo haya mbele ya wageni. Mwingie chumbani peke yake umwulize, "Nikushonee?" Mume naye asimsukume avae wala asimkataze. Kuna akina mama ambao hawataki kuvaa chochote, wanasema joto hili latosha. Hiyo ni haki yao, na hakuna dawa wanayoikosa kwa kutovaa.

Yule mama wa soksi tulikaa naye barazani, binti akashona mfuko, mimi nikafuma, tena vibaya, safu moja ikanishinda nikaifumua mara tatu. Alicheka siku hiyo. Mwezi uliofuata alipanda gari Minjila akaenda kliniki yake.

Baadaye nilimpata mama mwingine aliyekuwa na uvimbe wa kweli, amepewa barua ya kwenda Mombasa na ameificha chini ya godoro. Nilimweleza juu ya upasuaji, juu ya dawa, juu ya uwezekano wa kupona akiwahi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Sista, nikikatwa, siku ya arusi ya mwanangu nitavaa nini?" Sikumjibu kwa maneno. Nilitoa titi la uzi mkobani nikamweka mkononi. Aliligeuza, akalibonyeza, akaliingiza ndani ya gauni lake kujaribu. Kisha akaenda kuitoa ile barua. Alifanyiwa upasuaji, na bado anaendelea na matibabu.

Mazoezi ya mkono baada ya upasuaji tutayazungumza wiki ijayo, saa ni hii hii. Anayetaka kupimwa au kuonyeshwa namna ya kufuma, amwambie mhudumu wa afya wa kijiji chake aniite. Njoo na sidiria unayoipenda, na uzi kama unao. Na ukiwa na tepu, njoo nayo pia, yangu namba zimefutika.